Kutoka Mazungumzo ya Mwanza hadi Uanachama wa Jumuiya: Burundi, Lugha na Amani katika Ukanda wa Ziwa



Swali nililopewa kulijadili jioni hii ni la kihistoria: je, kujiunga kwa Burundi na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 kulisaidia kuleta amani katika nchi hiyo iliyokuwa imetoka vitani? Kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, baadhi yenu mtashangaa kwa nini mada hii haikukabidhiwa mwanahistoria au mtaalamu wa sayansi ya siasa. Jibu langu ni kwamba amani hutafutwa kwa maneno, huandikwa kwa maneno, na mara nyingi huvunjika kwa sababu pande mbili zilitumia neno moja kwa maana mbili. Hapo mwanaisimu naye ana la kusema.

Kuhusu swali hilo kuna majibu mawili yaliyozoeleka. Jibu la kwanza, ambalo husikika zaidi katika hotuba za sherehe, ni kwamba Jumuiya ni chombo cha amani na kila nchi inayoingia humo huingia katika amani. Jibu la pili, la wenye mashaka, ni kwamba Jumuiya ni soko tu, na kwamba vita na amani haviihusu. Nitajaribu kuonyesha kwamba majibu yote mawili yanapita pembeni ya historia yenyewe. Burundi ilipatanishwa na majirani zake kabla haijawa mwanachama. Ilipokwisha kuwa mwanachama, uwezo wa majirani hao kuingilia kati ulibadilika, na kwa upande mmoja ulipungua. Kisa hiki kilianzia hapa Mwanza, na hapa ndipo inafaa kianze kusimuliwa.

Mwanza, 1996

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, aliyekuwa amechaguliwa miezi michache tu iliyotangulia, aliuawa na wanajeshi wa nchi yake mwenyewe. Mauaji hayo yalifungua vita vilivyodumu kwa zaidi ya miaka kumi. Tarehe 6 Aprili 1994 mrithi wake, Cyprien Ntaryamira, alikufa pamoja na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ndege yao ilipotunguliwa Kigali, wakirejea kutoka mkutano wa Dar es Salaam. Yaliyofuata Rwanda yanajulikana duniani kote. Sisi wa ukanda wa Ziwa tuliyajua kwa namna yetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takriban siku moja. Mto Kagera nao ulileta miili ya waliouawa hadi ndani ya Ziwa Victoria, na watu wa mwambao wa Uganda walilazimika kuizika. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba migogoro ya Rwanda na Burundi ilikuwa mambo ya ndani ya nchi hizo, hakuishi kando ya ziwa hili mwaka huo.

Katika hali hiyo ndipo Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu urais na uenyekiti wa chama, alipokubali kusimamia mazungumzo ya Warundi. Aliviita hapa Mwanza vyama viwili vikuu, FRODEBU na UPRONA, kwanza mwezi Aprili 1996 na kisha tena mwezi Juni. Kati ya vikao hivyo viwili, tarehe 21 Mei, meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na kufika bandarini Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Wageni waliorudi mwezi wa Juni kuzungumzia vifo vya nchi yao waliukuta mji wenyewe ukiwa matangani. Sidai kwamba jambo hilo liliathiri mazungumzo. Nalitaja kwa sababu historia zinazoandikwa mbali huyatenga matukio haya mawili, ilhali kwa wakazi wa Mwanza yalikuwa ya msimu mmoja.

Mazungumzo ya Mwanza hayakuzaa mapatano. Tarehe 25 Juni wakuu wa nchi za ukanda huu walikutana Arusha kulizungumzia suala hilo, na mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Julai 1996, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka Bujumbura kwa mapinduzi ya kijeshi. Jibu la majirani lilikuwa la haraka, na kwa kipimo cha diplomasia ya Afrika lilikuwa la ajabu. Tarehe 31 Julai, siku sita tu baada ya mapinduzi, walikutana tena Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Burundi haina bahari. Mizigo yake mingi ilipita bandari ya Dar es Salaam, ikaja kwa reli hadi Kigoma, na kuvuka Ziwa Tanganyika. Kufunga njia hiyo kulikuwa sawa na kufunga mlango wa nyumba.

Vikwazo hivyo viliwaumiza watu wa kawaida kuliko wakubwa, na wapo waliovilaumu kwa haki kabisa. Magendo nayo yalishamiri. Hata hivyo, serikali ya Buyoya ililirejesha Bunge, ikaviruhusu tena vyama, na hatimaye ikakubali kukaa meza moja na wapinzani wake. Vikwazo vikasimamishwa Januari 1999. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba mwaka huo huo kabla kazi haijakamilika, Nelson Mandela akaipokea, na tarehe 28 Agosti 2000 ukatiwa saini Mkataba wa Amani na Maridhiano wa Burundi, Arusha. Pande 19 zilihusika. Makundi makubwa yenye silaha hayakuwamo. CNDD-FDD ilikuja kukubali kusitisha mapigano mwaka 2003, na Palipehutu-FNL ilisaini Dar es Salaam Septemba 2006. Katikati ya hapo, mwaka 2005, Warundi walipiga kura ya maoni kuhusu katiba, wakafanya uchaguzi, na Pierre Nkurunziza akawa Rais.

Naomba wanafunzi wazitazame tena tarehe hizo. Wakuu wa Jumuiya waliikubali Burundi pamoja na Rwanda katika mkutano wao wa Arusha, tarehe 30 Novemba 2006. Mkataba wa kujiunga ulisainiwa Kampala tarehe 18 Juni 2007, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Julai. Yaani mlango ulifunguliwa takriban miezi mitatu baada ya kundi kubwa la mwisho kukubali, walau kwenye karatasi, kuweka silaha chini. Kazi ngumu ya kuzima vita ilifanywa kati ya 1996 na 2006, nayo ilifanywa na majirani waliokuwa nje ya nyumba ya Burundi, wakati Burundi nayo ikiwa nje ya nyumba yao. Uanachama ulikuja kuwa muhuri juu ya barua iliyokwisha kuandikwa.

Msuluhishi, mpatanishi, mwezeshaji

Hapa naomba ruhusa niingie katika taaluma yangu kwa muda. Magazeti ya Kiswahili ya miaka ile yalimwita Mwalimu mara msuluhishi, mara mpatanishi, na baadaye likaingia neno mwezeshaji. Wasomaji wengi huyachukua maneno haya kama visawe. Mimi naona yana tofauti ambayo historia ya Burundi inaidhihirisha.

Suluhu imetoka katika Kiarabu. Msuluhishi ni yule anayeileta suluhu; kitendo kinaanzia kwake, nayo suluhu huweza kutajwa kama kitu, ikapimwa, ikawekwa mezani. Mpatanishi ametokana na kitenzi -patana, ambacho ndani yake mna kiambishi -an- cha kutendana. Maana yake ni kwamba kabla ya mtu wa tatu kufanya lolote, lazima wawepo wawili wanaoweza kupatana wao kwa wao; kiambishi -ish- cha kusababisha kinakuja juu ya kutendana, hakichukui nafasi yake. Ukiondoa -an- hakuna upatanishi. Mwezeshaji ni mgeni zaidi: huyu huwezesha kikao, hutafuta ukumbi, huandaa ajenda, lakini neno lake lenyewe halimdai matokeo yoyote. Nitalirudia jambo hili nitakapofika mwaka 2015.

Neno lingine ni amani yenyewe. Nalo ni la asili ya Kiarabu, na katika asili hiyo linabeba maana ya usalama, dhamana, hali ya mtu aliyehakikishiwa kwamba hatadhuriwa. Amani ya namna hii ina mtoaji. Warundi na Wanyarwanda husema amahoro. Msukuma wa hapa Mwanza, ukimjulia hali, atakujibu mhola. Na kijana wa mjini atasema poa. Maneno haya matatu, kwa sauti, yanaonekana hayana undugu, lakini wanaisimu historia wanayarejesha katika mzizi mmoja wa Kibantu unaokadiriwa kuwa *-pód-, wenye maana ya kupoa, kutulia, na hata kupata nafuu ya ugonjwa. Sauti *p ya kale imekuwa h katika Kirundi na Kisukuma, na imebaki p katika Kiswahili. Sauti *d imekuwa r au l, na katika Kiswahili imedondoka. Basi kwa watu wa maziwa haya, hali tunayoiita amani ni hali ya kitu kilichokuwa cha moto ambacho sasa kimepoa. Haina mtoaji. Inahitaji muda, na chungu kinachotolewa jikoni kabla hakijapoa huunguza mikono.

Wapo watakaosema kwamba asili ya neno haiamui maana yake ya leo, nami nakubaliana nao kabisa. Nisingependa mwanafunzi wangu ajenge hoja ya kisiasa juu ya mzizi wa kitenzi. Tofauti ya dhana mbili hizi, hata hivyo, inatusaidia kuuliza swali kwa usahihi. Jumuiya iliweza kuwapa Warundi amani kwa maana ya dhamana? Na je, iliweza kuwasaidia wapoe?

Mwanachama au mshirika?

Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, hauko kimya kuhusu amani. Ibara ya 5 inataja uendelezaji wa amani, usalama na ujirani mwema miongoni mwa malengo. Ibara ya 6 inaorodhesha kuaminiana, kuishi pamoja kwa amani na kumaliza tofauti kwa njia za amani miongoni mwa misingi mikuu. Ibara ya 3 inaitaka nchi inayoomba kujiunga ikubali utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Nchi hizo Mkataba unaziita kwa neno la Kiingereza ambalo tafsiri yake ya karibu ni nchi washirika, lakini katika matumizi ya kila siku sisi husema nchi wanachama. Tofauti si ndogo. Mwanachama ana kadi, hulipa ada, na chama kinaweza kumfukuza. Mshirika ana hisa katika shughuli, na humfukuzi mwenye hisa bila kuigawa mali. Ibara ya 146 inaruhusu nchi kusimamishwa kwa kukiuka misingi mikuu, na Ibara ya 148 inasema kwamba maoni ya nchi inayojadiliwa hayatahesabiwa. Kisheria, basi, wako kama wanachama. Katika mwenendo wao, wakuu wa nchi wametendeana kama washirika.

Miaka ya kwanza ilikwenda vizuri. Burundi iliingia katika Umoja wa Forodha mwaka 2009. Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Warundi tisa wakakaa katika Bunge la Afrika Mashariki. FNL ikaweka silaha chini na kuwa chama cha siasa mwaka 2009. Tanzania, katika kipindi hicho hicho kilichoanza 2007, iliamua jambo ambalo nadhani halijathaminiwa vya kutosha: iliwafungulia njia ya uraia wakimbizi wa Burundi waliokuwa hapa tangu mauaji ya 1972, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watu wapatao 162,000 wakapata uraia. Sheria yetu ya uraia humtaka mwombaji awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza, na watu hawa walikuwa wamekwisha kuishi kwa Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini. Huko ndiko kupoa ninakokusema, na hakukuhitaji Mkataba wa Jumuiya.

Kisha ikaja Operesheni Kimbunga. Kuanzia Septemba 2013, katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu kutoka Rwanda, Burundi na Uganda waliondolewa nchini, wengine wakiwa wameishi hapa kwa miongo mingi. Hayo yalitokea miaka mitatu baada ya Soko la Pamoja kuanza. Serikali ilikuwa na sababu zake, ujambazi wa kutumia silaha katika mikoa hiyo ulikuwa wa kweli, na nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini mwanaisimu hana budi kusema jambo moja. Katika uainishaji wa Guthrie, Kirundi, Kinyarwanda, Kiha, Kihangaza na Kishubi vyote viko katika kundi moja, D60. Mhangaza wa Ngara na Mrundi wa ng'ambo ya mpaka husikilizana bila mkalimani. Mtu wa Kasulu akisema Kiswahili, lafudhi yake iko karibu na ya Mrundi kuliko na ya mtu wa Bagamoyo. Katika eneo kama hilo lafudhi haiwezi kuwa pasi ya kusafiria, na yeyote anayeitumia kumtambua raia atawakosea raia wengi. Mipaka iliyochorwa Berlin na Brussels haikuulizia isimu.

Mei 2015

Tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala cha Burundi kilimteua Rais Nkurunziza kugombea kwa kipindi kilichohesabiwa na wapinzani wake kuwa cha tatu, kinyume cha Mkataba wa Arusha. Tarehe 5 Mei Mahakama ya Katiba ya Burundi ilimruhusu. Tarehe 13 Mei wakuu wa Jumuiya walikutana Dar es Salaam kuujadili mgogoro huo, Nkurunziza mwenyewe akiwa miongoni mwao, na wakati wakiwa kikaoni Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza Bujumbura kwamba amempindua. Jaribio hilo lilishindwa baada ya siku mbili. Uchaguzi ulifanyika Julai, na Nkurunziza akabaki.

Linganisheni na 1996. Wakati ule mapinduzi yalijibiwa kwa vikwazo katika siku sita. Mwaka 2015 watu walikimbia kwa mamia ya maelfu; kijiji cha Kagunga kwenye mwambao wa Tanganyika kilifurika, kipindupindu kikazuka, na meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawabeba wakimbizi kuwaleta Kigoma. Kufikia 2017 Warundi zaidi ya 400,000 walikuwa ukimbizini, na Tanzania ndiyo iliyowapokea wengi kuliko nchi nyingine. Hata hivyo hakuna kikwazo chochote kilichowekwa na Jumuiya, na Ibara ya 146 haikuguswa. Rais Yoweri Museveni aliteuliwa kuwa msuluhishi. Rais mstaafu Benjamin Mkapa akawa mwezeshaji mwaka 2016, na kwa subira ya kusifiwa aliitisha vikao Arusha hadi 2018, ambapo serikali ya Burundi ilikataa kuhudhuria kikao cha mwisho. Hapakuwa na -an-. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo Mkutano wa Wakuu wa Nchi uliahirishwa kwa sababu Burundi haikutokea na akidi haikutimia.

Maamuzi ya wakuu hao, kwa mujibu wa Ibara ya 12, hufikiwa kwa maafikiano ya wote. Jirani wa 1996 alikuwa nje, na waliokuwa ndani waliweza kumfungia njia. Jirani wa 2015 alikuwa na kiti, na kwa kutokukalia kiti hicho tu aliweza kukifunga kikao. Hii ndiyo hoja yangu kuu kwenu leo. Uanachama uliipa Burundi hadhi, masoko na wabunge, nayo yote ilistahili. Uliipa pia kinga dhidi ya majirani wale wale walioipatanisha, na gharama ya kinga hiyo waliilipa wakimbizi.

Chombo kimoja cha Jumuiya kilifanya kazi yake, ingawa kwa kuchelewa. Asasi za kiraia zilikwenda katika Mahakama ya Afrika Mashariki kuupinga uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Burundi, na mwaka 2021 Kitengo cha Rufani kikaamua kwamba uamuzi ule ulikiuka Mkataba wa Jumuiya. Wakati huo Nkurunziza alikuwa amekwisha kufariki, tarehe 8 Juni 2020, na Évariste Ndayishimiye yuko madarakani. Mtu anaweza kuicheka hukumu iliyotoka miaka sita baada ya tukio. Mimi siicheki, kwa sababu imeandikwa, na Rais mwingine wa nchi yoyote mshirika ataikuta pale.

Ziwa lenyewe

Haitakuwa haki kuitazama Burundi peke yake, kana kwamba nchi zilizoanzisha Jumuiya zilikuwa na rekodi safi. Jumuiya ya kwanza, ya mwaka 1967, ilivunjika 1977. Mwaka uliofuata, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilikuja kulipiga ghala la mafuta hapa Mwanza. Mabomu yakakosa shabaha na kuua wanyama wa kisiwa cha Saanane. Uadui wa Mwalimu na Amin ulianza tangu mapinduzi ya 1971, kwa hiyo siwezi kusema kuvunjika kwa Jumuiya ndiko kulikoleta vita. Ninachosema ni kwamba hapakuwa tena na chumba chochote ambamo pande hizo mbili zililazimika kukutana.

Mali za Jumuiya ile ziligawanywa kwa makubaliano ya 1984. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na meli mbili za kubebea mabehewa ziwani, Umoja na Uhuru. Katika mgawanyo, Tanzania ilibaki na Umoja na Kenya ikabaki na Uhuru. Nadhani hakuna mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kubuni jambo hilo.

Na upo mfano wa Migingo. Kisiwa hiki cha mawe, kisichofikia ekari moja, kimegombewa na Kenya na Uganda kwa miaka mingi, hasa tangu 2009, kwa sababu ya sangara wanaopatikana karibu nacho. Polisi wamekamata wavuvi, bendera zimepandishwa na kushushwa, wabunge wamepiga kelele. Mgogoro haujaisha. Lakini nchi hizo mbili hazikupigana, na hatua iliyochukuliwa ilikuwa kuunda timu ya pamoja ya wapima ardhi. Naona hapa faida ya Jumuiya ambayo haitajwi sana: inaweza kuufanya ugomvi uchoshe. Mafaili, vikao, kamati za wataalamu, posho za safari. Wananchi huvilalamikia, nami pia, lakini mgogoro ulioko kwenye faili bado haujafika kwenye bunduki.

Waliofuata

Baada ya Burundi na Rwanda, Jumuiya iliipokea Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia, iliyokamilisha uanachama wake Machi 2024. Burundi ilisubirishwa hadi mapigano yalipokaribia kwisha. Hawa watatu waliingia huku bunduki zikiwa bado zinalia ndani mwao. Utaratibu uligeuzwa: badala ya amani kutangulia uanachama, ilitarajiwa kwamba uanachama ungeizaa amani.

Kongo imetupa jibu mapema. Jumuiya ilipeleka kikosi chake mashariki mwa nchi hiyo Novemba 2022, na serikali ya Kinshasa ikakitaka kiondoke mwishoni mwa 2023, ikidai kwamba hakiwapigi waasi wa M23. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Januari 2025 M23, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kuwa inasaidiwa na Rwanda, jambo ambalo Kigali imelikanusha, iliiteka Goma, na Februari ikaingia Bukavu, wakati wanajeshi wa Burundi wakipigana upande wa serikali ya Kongo. Nchi tatu za Jumuiya moja zikawa katika vita vimoja. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa Jumuiya na wale wa SADC walikutana kwa pamoja Dar es Salaam na kutaka mapigano yasitishwe.

Goma na Bukavu ni miji ya Kiswahili. Aliyeteka na aliyetekwa waliamriana kwa Kiswahili. Nalisema hili kwa wenzangu wa taaluma ya lugha ambao hupenda kutangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya amani. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa Mjerumani na ya jeshi la Amin, na hofu ya Waganda wengi kwa lugha hii ilitokana na hilo. Pia ni lugha ya mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, ambao katika miaka ya vita ulibaki na watu wa makabila yote wakati mitaa mingine ilikuwa inagawanyika. Lugha hufuata mikono inayoishika. Tume ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Zanzibar mwaka 2015, itafanya vyema ikiyatafiti mambo haya mawili pamoja.

Nimalizie kwa kazi ambayo ningependa mwanafunzi mmoja wa umahiri aichukue. Katika mikoa yetu ya mpakani, viongozi wa mikoa na wilaya za Tanzania na wenzao wa Burundi na Rwanda hufanya mikutano wanayoiita ya ujirani mwema. Huzungumzia mifugo iliyovuka, wezi, masoko ya mpakani, wakimbizi wanaorejea. Ni katika mazungumzo ya ngazi hiyo, wala si katika Mkutano wa Wakuu, ndipo naamini tutaona maneno kama kupatana na kupoa yakitumika kwa maana zake kamili, na Kirundi, Kiha na Kiswahili vikipokezana katika kikao kimoja. Kumbukumbu za mikutano hiyo, popote zilipo katika makabati ya ofisi za Ngara, Kibondo na Kasulu, zinastahili kukusanywa, kunakiliwa na kuchambuliwa kabla mchwa hawajazifikia. Atakayekubali kazi hiyo anione baada ya kikao.